Maswali Yenu: Buffalo wings, Big Apple na bamia iliyovuka bahari

Barua za toleo hili zimekuwa nyingi mpaka raha, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, majina ya vyakula vya Wamarekani na misemo yao, sijui ni muvi au ni hizi video za mapishi ambazo kila mtu anaangalia saa hizi. Nimechagua chache nizijibu vizuri kuliko kuzigusa zote juujuu. Ila kabla sijaanza niseme hili maana litarudi tena na tena huko chini: ukiona stori ya asili ya jina ni tamu sana, ina mtu mmoja maarufu, ina siku moja, na kila kitu kimekaa mahali pake, anza kuitilia shaka hapohapo. Ukweli mara nyingi umelala kwenye gazeti la zamani kurasa za ndani, na walioanzisha hilo neno ni watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao.

Dada, mimi na mume wangu tumebishana mpaka usiku. Hizi buffalo wings ni mabawa ya nini, maana nyati hana mabawa? Yeye anasema ni kwa sababu kuku wao ni wakubwa kupita kiasi. – Mama Watatu

Mama Watatu, kuku ni kuku wa kawaida kabisa. Buffalo hapo ni jina la mji, upo jimbo la New York, kule juu pembeni ya ziwa Erie karibu na mpaka wa Canada. Na wenyeji hata hawasemi "buffalo wings", wao wanasema "wings" basi, jina la mji tumeliongeza sisi watu wa mbali.

Stori inayojulikana ni ya baa inaitwa Anchor Bar mwaka 1964, ambapo mama mwenye baa, Teressa Bellissimo, alikaanga mabawa akayachanganya na sosi ya pilipili na siagi, pembeni akaweka vijiti vya seleri na sosi ya jibini. Enzi hizo bawa lilikuwa kitu cha kutia kwenye supu, hakuna aliyeliweka mezani kama mlo. Sasa ukiuliza ilikuwaje siku hiyo, familia yenyewe imetoa stori mbili, moja inasema marafiki wa kijana wao walifika usiku wa Ijumaa wakiwa na njaa, nyingine inasema mzigo wa nyama ulikosewa, waliagiza migongo na shingo wakaletewa mabawa.

Ila kuna mtu anasahaulika kila mara na mimi inaniuma kweli. Anaitwa John Young, Mmarekani mweusi, mji huohuo, miaka hiyohiyo ya 60, alikuwa anauza mabawa mazima yaliyopakwa unga na kumwagiwa sosi aliyoiita mumbo, na mgahawa wake aliuita Wings 'n Things, yaani mabawa yapo mpaka kwenye kibao. Mwaka 1970 akahama Buffalo, na waliobaki mjini ndo wakaandikwa kwenye magazeti. Haya mnayokula leo yenye siagi na pilipili ni ya Anchor Bar, hilo sibishi, lakini swali likiwa ni nani aliyewazoesha watu wa Buffalo kutoa hela kwa ajili ya bawa la kuku, jina la Young litajwe.

Naomba kujua kama hamburger ina nguruwe, maana najua "ham" ni nguruwe. Na hot dog je, ni kweli zamani walikuwa wanatia mbwa? Natarajia kusafiri na naogopa hata kuagiza. – Msafiri Mtarajiwa

Ndugu yangu agiza kwa amani. Hamburger ni ya ng'ombe, na hiyo "ham" ni kipande tu cha jina la mji wa Hamburg kule Ujerumani. Karne ya 19 wahamiaji wengi wa Kijerumani walipandia meli bandari ya Hamburg kwenda Marekani, na kwenye menyu za migahawa ya Marekani kikaonekana chakula kinaitwa "Hamburg steak", nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyokandamizwa. Nani wa kwanza kuibana katikati ya mkate, hapo ndo kuna ugomvi, mji wa Seymour huko Wisconsin unasema ni kijana wao kwenye maonyesho ya mwaka 1885, New Haven huko Connecticut wanasema ni mgahawa wao mwaka 1900, na Texas nao hawakubali kuachwa nyuma. Kwa maoni yangu sio jambo la mtu mmoja, nyama ya kusaga na mkate vikikaa meza moja na mteja ana haraka ya kurudi kazini, wengi wataibana bila kufundishwa. Baadaye watu wakalikata neno pasipo mkato, wakabaki na "burger" wakaanza kuliunganisha na kila kitu, cheeseburger na nyingine zote. Cha kuuliza ni kimoja, kama juu wameweka bekoni, hiyo ndo nguruwe.

Hot dog ni soseji za Kijerumani na Kiaustria, ndo maana zinaitwa pia frankfurter kwa sababu ya Frankfurt na wiener kwa sababu ya Vienna, ambayo wenyewe wanaiita Wien. Utani kwamba mwenye soseji kasagia mbwa ni mkongwe sana Marekani, tangu miaka ya 1840 huko watu walishaanza kuwachokoza wauzaji. Ukichanganya na wale mbwa warefu wafupi miguu ambao Wajerumani walikuja nao, jina lilikuwa linasubiri mtu wa kulitamka. Utasikia kwamba mchora katuni Tad Dorgan alikuwa uwanja wa besiboli wa Polo Grounds mwaka 1906 akashindwa kuandika jina la Kijerumani la mbwa hao ndo akaandika "hot dog". Watafiti wamefukua magazeti yake na mchoro huo hawajauona, na zaidi ya hapo neno lilishachapishwa kwenye gazeti la mji wa Paterson, New Jersey, mwaka 1892, halafu mwaka 1895 likaonekana kwenye jarida la wanafunzi wa chuo cha Yale, ambao walikuwa wananunua soseji usiku kwenye magari ya kusukuma waliyoyaita magari ya mbwa. Kwa hiyo ni utani wa mtaani na wa wanafunzi wenye njaa, Dorgan alikuta neno linatembea.

Na kwa kuwa tumetaja Ujerumani, ongeza na hili. Marekani ilipoingia vita ya kwanza ya dunia mwaka 1917 kila kitu chenye harufu ya Kijerumani kilibadilishwa jina, kabichi iliyochachushwa ikawa "liberty cabbage", kabichi ya uhuru, hamburger nayo ikapewa uhuru wake ikawa "liberty sandwich", wengine wakaikimbilia "Salisbury steak", jina la daktari James Salisbury aliyekuwa anawashauri wagonjwa wale nyama ya kusaga mara tatu kwa siku. Mwaka 2003 wakarudia mchezo uleule, Ufaransa ilipokataa vita ya Irak, kantini za Bunge la Marekani zikafuta "French fries" zikaandika "freedom fries". Ubalozi wa Ufaransa ukajibu kwa upole tu kwamba chipsi asili yake ni Ubelgiji. Mwaka 2006 jina la zamani likarudishwa kimyakimya. Majina ya kulazimishwa na wakubwa hayakai, hilo nimeliona kila nilipochimba.

Kwa nini New York inaitwa Big Apple? Nilisoma kwamba ni wale waliokosa kazi wakauza matufaha barabarani uchumi ulipoanguka. – Mdau wa Jiografia

Mdau, hiyo stori inaangushwa na kalenda tu. Uchumi ulianguka mwisho wa mwaka 1929, na jina tayari lilikuwa gazetini miaka ya mwanzo ya 20. Kuna na nyingine eti ni danguro la mama mmoja aitwaye Eva, hiyo achana nayo kabisa, imetungwa.

Iliyo kweli ni hii. Kulikuwa na mwandishi wa mbio za farasi, John J. Fitz Gerald, anaandikia gazeti la New York Morning Telegraph. Akiwa New Orleans, uwanja wa mbio wa Fair Grounds, aliwasikia vijana wawili weusi wahudumu wa farasi wanaongea, kila mmoja anamtembeza farasi wake apoe baada ya mazoezi. Mmoja akauliza mnaelekea wapi kutoka hapa, mwenzake akajibu kwa kujidai kwamba wao wanakwenda kwenye Big Apple. Alimaanisha viwanja vya New York, ambako kulikuwa na zawadi kubwa na mbio za maana, na farasi anapenda tufaha jamani, kwa mtu wa zizini zawadi kubwa kuitwa tufaha kubwa inaeleweka kabisa. Fitz Gerald akaipenda hiyo kauli mpaka tarehe 18 Februari 1924 akaipa safu yake jina la "Around the Big Apple", akaandika kwamba Big Apple ni moja tu nayo ni New York. Namheshimu kwa kuwa alisema wazi kaisikia kwa nani. Majina ya wale vijana ndo hakuyaandika.

Miaka ya 30 wanamuziki wa jazi wakalichukua, kwao Big Apple ilikuwa Harlem na kumbi zake, kwamba ukipiga pale umefika. Kisha likafifia. Mwaka 1971 ofisi ya utalii ya jiji, chini ya Charles Gillett aliyekuwa shabiki wa jazi, ikalifufua kwa kampeni ya kuwarudisha wageni maana New York wakati huo ilikuwa na sifa mbaya ya uhalifu na madeni, wakagawa beji zenye tufaha jekundu, na hapo ndo dunia nzima ikalijua. Mwaka 1997 kona ya barabara ya 54 Magharibi na Broadway, alipokuwa anaishi Fitz Gerald, ikapewa rasmi jina la Big Apple Corner. Mimi ningependa siku moja wahudumu wa farasi nao wapate kona.

German chocolate cake ni keki ya Ujerumani? – Mpishi wa Jumapili

Hapana, ni ya Marekani kutoka mwanzo hadi mwisho. German ni jina la mtu, Samuel German, mfanyakazi wa kampuni ya chokoleti ya Baker's aliyetengeneza chokoleti tamu ya kuokea mwaka 1852, wakaiita "German's" yaani ya German. Mwaka 1957 mama mmoja wa nyumbani akapeleka mapishi ya keki ya chokoleti hiyo kwenye gazeti la Dallas huko Texas, yakapendwa yakasambazwa nchi nzima, na katika kuandikwa na kuandikwa tena ile alama ya umiliki mwishoni mwa jina ikadondoka, keki ikageuzwa Mjerumani. Nazi na pekani, njugu za mtini za huko, zilizoko juu yake zingetosha kukuonyesha kwamba hii ni keki ya watu wa Kusini mwa Marekani.

Shikamoo dada. Mwalimu wetu alisema kuna maneno ya Kibantu kwenye vyakula vya Marekani nikadhani anatutia moyo tu. Ni kweli? – Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Marahaba mwanangu, mwalimu wako kasema kweli tupu, na hili swali ndo nililolifurahia kuliko yote.

Anza na gumbo. Ni chakula maarufu cha Louisiana, mchuzi mzito wa kamba, kuku au soseji unaoliwa na wali, na kiasili kinachoufanya uwe mzito na wa kuvutika ni bamia. Jina lenyewe limetoka lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia inaitwa kingombo. Iangalie hiyo "ki" ya mbele halafu uniambie kama hujaitambua. Ilikatwa njiani, Wafaransa wa Louisiana wakabaki na gombo, lakini Cuba bamia mpaka leo inaitwa quimbombó, yaani kule kiambishi kilisalia. Watumwa wa kwanza kutoka Afrika walishushwa Louisiana mwaka 1719, na waliokuwa wanasimama jikoni kwenye nyumba za mabwana ni wao, kwa hiyo hata sufuria yenyewe inaonyesha nani alikuwepo, bamia ya Waafrika, unga uliokaangwa kwenye mafuta wa Wafaransa, na unga wa majani ya sasafrasi ambao ni wa Wachoctaw, wenyeji wa ile ardhi. Hata "okra", jina la Kiingereza la bamia, nalo limetoka Afrika, ni Kiigbo.

Halafu kuna "goober", karanga. Watu wa Kusini wamelitumia hilo neno vizazi na vizazi, askari wa Kusini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe walikula goober za kuchemsha mpaka wakaziimbia, na jimbo la Georgia liliwahi kupewa jina la utani la jimbo la goober. Ni nguba hiyo, Kikongo. Msomaji wetu wa Kinshasa hapo najua ameshatabasamu maana kwa Kilingala karanga ni nguba mpaka kesho. Na safari ya karanga yenyewe ni ya ajabu, mmea wake ni wa Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika, watu wakaulima wakaupa jina lao, kisha meli za watumwa zikaupeleka Amerika ya Kaskazini, mmea na jina vikiwa pamoja.

Charleston, South Carolina, utakuta biskuti nyembamba za ufuta zinaitwa "benne wafers", na bene ni ufuta kwa lugha za Afrika Magharibi kama Kiwolofu. Ukanda huo wa pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia ndo kwao Wagullah, watu ambao lugha yao wasomi wa Kizungu kwa muda mrefu waliiita Kiingereza kilichoharibika. Akatokea mwanaisimu mweusi, Lorenzo Dow Turner, akaanza miaka ya 30 kuzunguka visiwani na mashine nzito ya kurekodi sauti, akakaa na wazee akawasikiliza, akaenda pia kujifunza lugha za Afrika ili awe na cha kulinganisha, jambo ambalo wale waliomtangulia hawakujisumbua nalo. Mwaka 1949 akatoa kitabu chenye maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika, Kikongo na Kimbundu yakiwemo kwa wingi. Baada ya hapo hoja ya Kiingereza kilichoharibika ilikufa. Huyo mtu, ukifika chuo, msome, ni mtu mkubwa sana na hatajwi vya kutosha.

Mwanangu anasoma huko, alianzia Philadelphia sasa yupo New Orleans, anasema sandwichi ileile ndefu kila mji na jina lake, na hata soda nayo wanaigombania. Kwa nini wasikubaliane? – Baba Mwenye Bili ya Simu

Mzee wangu, nchi ni kubwa na kila mji ulikua na watu wake. Mkate mrefu uliokatwa na kujazwa nyama, jibini na mboga, Philadelphia ni "hoagie", New York ni "hero", sehemu za New England ni "grinder", kwingine kote karibu ni "sub" kwa kuwa umbo ni la nyambizi. Hoagie wenyewe wanaihusisha na Hog Island, mahali palipojengwa kiwanda kikubwa cha meli wakati wa vita ya kwanza na ambapo leo upo uwanja wa ndege wa Philadelphia, wengine wanamtaja muuza sandwichi mmoja wa miaka ya 30, wabishane wenyewe.

Ya New Orleans ndo ina historia ya kueleweka na nataka umsimulie mwanao. Inaitwa "po'boy", kifupi cha maskini kijana. Julai 1929 madereva na makondakta wa tramu za mji walifanya mgomo, mgomo mkali, kampuni ilipoleta watu wa nje waendeshe tramu, tramu ikachomwa moto mtaa wa Canal mbele ya umati. Ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, walikuwa wamewahi kuwa makondakta kabla hawajafungua mgahawa, wakaandika barua kwa chama cha wafanyakazi, Divisheni 194, kwamba mwanachama yeyote atakula kwao bure. Na wakatimiza, mpaka mgomo ulipoisha. Bennie alikuja kueleza kwamba kila walipomwona mgomaji anakuja mmoja wao alisema huyo anakuja maskini kijana mwingine. Mwokaji wao, John Gendusa, akawatengenezea mkate mrefu wenye upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, ili wakikata vipande asiwepo wa kupewa kile kichwa chembamba. Mimi nikifikiria huo mkate naona heshima, mtu kagoma hana mshahara na bado kapewa kipande sawa na mwenzake.

Soda sasa. Kaskazini Mashariki na California wanasema "soda", majimbo ya katikati kaskazini wanasema "pop" kwa mlio wa kizibo kikitoka, na Kusini kila kinywaji chenye gesi ni "coke", unaweza ukaagiza coke ukaulizwa coke gani ukajibu ya machungwa na hakuna anayeshangaa. Inaeleweka, Coca-Cola ilizaliwa Atlanta mwaka 1886, Kusini hukohuko. Na kampuni yenyewe miaka ya mwanzo haikulipenda hilo jina fupi, ilikuwa inawaomba wateja waite jina kamili, wateja hawakusikia, mwisho kampuni ikanyoosha mikono ikaanza kulitangaza mwaka 1941 na kulisajili mwaka 1945. Wazee wa Boston wao walisema "tonic". Na Rhode Island milkshake yenye aiskrimu inaitwa "cabinet", ndio, kabati, mwanao akifika kule asishangae.

Ukitaka ushahidi wa haya yote upo, ipo kamusi nzima ya Kiingereza cha mikoa ya Marekani, iliongozwa na Frederic Cassidy pale chuo kikuu cha Wisconsin, Madison. Kati ya 1965 na 1970 vijana walitumwa na magari waliyoyaita magari ya maneno, wakalala humohumo, wakahoji watu kwenye jamii 1,002, kila mahali dodoso lenye maswali zaidi ya 1,600, unaitaje hiki, unasemaje ukiwa na njaa, unamwitaje mtu bahili. Buku la kwanza likatoka 1985, la mwisho la alfabeti 2012, Cassidy mwenyewe hakuliona maana alifariki 2000. Kazi ya namna hiyo naitamani kwa kila mwanafunzi wa lugha anayesoma hapa.

Kwa nini chupa za Heinz zina namba 57? Na ule msemo "Where's the beef?" wanasiasa wao waliutoa wapi? – Shabiki wa Ketchup

Nianze na nyama. Januari 1984 mgahawa wa Wendy's ulitoa tangazo la televisheni, bibi watatu wanaangalia baga ya mshindani, mkate mkubwa laini na kinyama kidogo katikati, wawili wanausifia mkate na wa tatu anafoka "nyama iko wapi?" Huyo wa tatu ni Clara Peller, zaidi ya miaka 80, kazi yake ya maisha ilikuwa kutengeneza watu kucha huko Chicago, alianza kuigiza matangazo uzeeni kabisa. Sauti yake ikawa ya nchi nzima. Tarehe 11 Machi mwaka huohuo, kwenye mdahalo wa waliokuwa wanawania urais kwa chama cha Democrat mjini Atlanta, Walter Mondale akamgeukia Gary Hart aliyekuwa anajisifu kwa mawazo mapya, akamwambia nikisikia mawazo yako nalikumbuka lile tangazo, nyama iko wapi? Watu wakaangua kicheko na Hart hakukaa sawa tena. Mondale akapata tiketi ya chama, ila Novemba akapigwa vibaya na Reagan, akapata Minnesota na Washington DC tu. Msemo ukabaki, mpaka leo ukisema maneno mengi bila kitu ndani utaulizwa hivyo.

Kwenye kaulimbiu kuwa mwangalifu na majina makubwa. Kahawa ya Maxwell House, iliyochukua jina kwenye hoteli ya Nashville, ilitangazwa miaka mingi kwamba rais Theodore Roosevelt aliinywa akasema ni tamu mpaka tone la mwisho. Ushahidi wa maandishi wa wakati ule haupo, na Coca-Cola ilishatumia maneno hayohayo kwenye matangazo yake mwaka 1908.

Namba 57 yenyewe ni chaguo la mtu mmoja, na hii aliisimulia mwenyewe. Mwaka 1896 Henry J. Heinz wa Pittsburgh alikuwa New York ndani ya treni inayopita juu ya barabara akaona tangazo la viatu la "aina 21". Likamkaa kichwani. Kampuni yake wakati huo tayari ilikuwa na bidhaa zaidi ya 60, lakini yeye alipenda jinsi 57 inavyosikika, akateremka akaenda kuchapisha "aina 57" na hakurudi nyuma. Ketchup nayo haikuanza na nyanya, jina limetoka Kichina cha Hokkien, lilikuwa la mchuzi wa samaki waliochachushwa, mabaharia wa Kiingereza wakalibeba, nyanya zikaingia baadaye sana huko Marekani. Na kama una ile chupa yao ya kioo na ketchup imegoma kutoka, acha kuipiga kitakoni, ilaze kidogo ugonge shingoni palepale ilipochongwa 57, kampuni yenyewe ndo inashauri hivyo na inatoka.